Vali ya chuma au vali ya tishu? Tathmini kwa anayesubiri upasuaji wa moyo Uganda

Tuanze na hukumu, maana anayesoma haya huenda ameshapewa tarehe ya kulazwa. Kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 50, asiyetarajia kubeba mimba, na anayeweza kupima INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda) kila mwezi bila kuuza mbuzi, tunachagua vali ya chuma. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, na kwa mtu anayeishi mbali na maabara ya kuaminika, tunachagua vali ya tishu hata kama bado kijana, mradi akubali tangu leo kwamba kifua kitafunguliwa tena. Kwa mzee wa miaka 70 mjadala ni mfupi: tishu.

Miongozo ya ng'ambo hupanga mambo kwa umri. Ule wa Marekani wa 2020 unaielekeza vali ya aota (mlango wa damu inayoingia mshipa mkubwa unaotoka moyoni) kwenye chuma kwa walio chini ya miaka 50, na kwenye tishu kwa waliozidi 65. Kwa vali ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), chuma kinapendelewa hadi miaka 65. Ule wa Ulaya wa 2021 unaweka mpaka wa chuma kwenye miaka 60 kwa aota na 65 kwa mitrali. Namba hizo zina msingi wake, ila mgonjwa aliyekuwa akilini mwa walioziandika ni mzee ambaye vali yake ya aota imekakamaa kwa uzee, na ambaye kliniki iko mtaa wa pili. Mgonjwa wa kawaida wa Uganda ni kijana, mara nyingi msichana, ambaye vali yake ya mitrali iliharibiwa na homa ya rumatiki iliyoanza kama koo kuuma utotoni. Kwake yeye kuna maswali mawili yanayotangulia umri: maabara iko wapi, na je, anataka watoto?

Kwanza, je, lazima ibadilishwe?

Vali bandia iliyo bora kuliko zote bado ni ya pili nyuma ya vali yako mwenyewe iliyotengenezwa ikafanya kazi. Kama mitrali imebana na haivuji sana, kuna njia ya puto: mrija unapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, puto linajazwa, midomo ya vali iliyoshikana inaachana. Kifua hakifunguliwi. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, hufanya utaratibu huu. Masharti ni kwamba midomo isiwe imekakamaa sana, uvujaji uwe mdogo, na pasiwe na bonge la damu kwenye chumba cha juu cha kushoto; eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inayopitishwa kooni ndiyo inayoonyesha hilo la mwisho. Kama vali inavuja, muulize daktari wa upasuaji kama inaweza kurekebishwa. Vali ya rumatiki hurekebishika kwa shida kuliko zile za Ulaya, kwa sababu midomo imenenepa na kamba zake zimefupika, na nyingine huharibika tena baada ya miaka kadhaa. Hata hivyo swali liulizwe wazi, na jibu lisikilizwe pamoja na sababu zake.

Vali ya chuma

Jina limezoeleka, ingawa sehemu inayofanya kazi ni kaboni ngumu na si chuma. Aina inayotumika zaidi ina vibawa viwili vya nusu duara vinavyofunguka na kufungika ndani ya pete, na pete imezungushiwa kitambaa cha kushonea. Muundo huo uliingia sokoni kwa jina la St. Jude Medical mwaka 1977 na umebaki karibu ulivyokuwa; wenzake ni CarboMedics, Open Pivot na On-X. Kabla yake kulikuwa na Starr-Edwards ya 1960, kimpira ndani ya kizimba, na bado duniani wapo watu wanaoishi nayo. Anayetibiwa India anaweza kukutana na TTK Chitra, iliyobuniwa Thiruvananthapuram na kuwekwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1990. Hiyo ina kisahani kimoja cha plastiki ngumu kinachoinama. Bei yake ni nafuu na rekodi yake ni ndefu, ila kwa vali za kisahani kimoja daktari anaweza kuweka lengo la INR la juu zaidi, kwa hiyo usirudi nyumbani bila namba hiyo kwa maandishi.

Sifa kuu ya chuma ni uimara. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hufungua na kufunga vali mara zaidi ya 100,000 kwa siku, na kaboni inahimili hilo kwa miaka 30 na zaidi. Vali ya chuma ikileta matatizo, mara nyingi chanzo si kuchakaa kwake. Ni damu iliyoganda kwenye bawaba, kovu lililoota kutoka kwenye pete na kuzuia kibawa, maambukizi, au mshono uliolegea na kuacha damu ipenye pembeni.

Sauti ipo. Ni mlio mdogo kama wa saa ya mkononi, unaosikika zaidi usiku, na kwa watu wembamba hata aliyekaa karibu anausikia. Wengi huzoea. Mlio huo una manufaa: ukififia ghafla au ukipotea, na pumzi ikaanza kukata, huenda kibawa kimekwama. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, haingoji Jumatatu.

Ukubwa una maana kuliko watu wanavyodhani. Vali za aota huanzia karibu milimita 19 hadi 27 au zaidi, za mitrali 25 hadi 33. Mtu mwenye mwili mkubwa akiwekewa aota ya 19, damu inapita kwa taabu, na yeye atabaki akihema kama kwamba hakupasuliwa. Daktari anaweza kupanua mzizi wa aota ili vali kubwa iingie. Mwulize kabla, kwa sababu uamuzi huo hufanyika mgonjwa akiwa amelala. Hapa chuma kina faida ndogo, kwa kuwa pete yake haina nguzo zinazokula nafasi kama zilivyo tishu nyingi.

Bei halisi ya vali ya chuma ni warfarini

Vali inanunuliwa mara moja, warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, ni ya maisha. Damu ikigusa kaboni huelekea kuganda, na bonge likikatika hukimbilia ubongoni. Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, vile visivyohitaji kupimwa, haviwezi kuchukua nafasi yake kwenye vali ya chuma: jaribio la dabigatrani lilisimamishwa mwaka 2012 na matokeo yake yakachapishwa 2013, na jaribio la apiksabani kwenye On-X nalo lilisimamishwa kwa sababu mabonge yalizidi. Daktari wa kliniki ndogo akikuambia kuna kidonge cha kisasa kisicho na usumbufu, mwambie una vali ya chuma, kisha uondoke na warfarini yako.

INR ya mtu asiyetumia dawa ni karibu 1. Kwa vali ya aota ya vibawa viwili, kama hakuna hatari nyingine, lengo ni 2.5, yaani kati ya 2.0 na 3.0. Kwa mitrali lengo ni 3.0, kati ya 2.5 na 3.5, kwa sababu damu hupita pale polepole zaidi. On-X ya aota ina ruhusa ya kushushwa hadi 1.5–2.0 baada ya miezi 3, pamoja na aspirini ndogo kila siku. Inavutia, lakini tunaiona kama ruhusa ya mtu anayepima mara kwa mara. Ukishusha lengo hadi 1.5 huku unapima kila baada ya miezi mitatu, unaweza kuishi wiki nyingi bila kinga yoyote na usijue.

Dozi huanzia karibu miligramu 5 kwa siku, inamezwa saa ile ile ya jioni, tuseme saa 2 usiku. Jioni inafaa kwa sababu mbili: majibu ya maabara ya mchana yanaweza kubadili kidonge cha siku hiyo hiyo, na anayefunga Ramadhani habadili ratiba. Ukisahau na ukakumbuka kabla ya kulala, meza. Ukikumbuka kesho yake, acha kilichopita, endelea na cha leo, na usimeze viwili. Kidonge cha leo huanza kuonekana kwenye INR baada ya siku mbili au tatu, na nguvu yake yote hufika baada ya karibu wiki, kwa hiyo kupima kesho yake ni kupoteza pesa. Dozi hurekebishwa kwa kuhesabu jumla ya wiki, na kwa kawaida huongezwa au kupunguzwa kwa asilimia 5 hadi 20. Anayemeza 5 kila siku ana 35 kwa wiki. INR yake ikiwa 1.7, kliniki inaweza kumpa 7.5 siku mbili na 5 siku tano, jumla 40. Anayerukia 10 kila siku kwa sababu "INR imeshuka" ndiye atakayeletwa akitokwa damu.

Rangi za vidonge zinahitaji onyo lake. Kwa utaratibu wa Uingereza, cha waridi ni miligramu 5, cha buluu 3, cha kahawia 1. Kwa utaratibu wa Marekani, cha waridi ni miligramu 1 na cha buluu ni 4. Dawa zikiletwa na ndugu kutoka nje, au duka likabadilisha kampuni, mtu anaweza kumeza waridi ile ile akapata moja ya tano ya dozi yake. Soma namba kwenye pakiti kila unaponunua.

Sasa maabara, ambako mambo mengi huharibika kimyakimya. Damu ya INR inawekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha buluu chenye dawa ya sitrati, sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Kichupa kisipojazwa hadi mstari, dawa inazidi damu na INR inasomeka juu kuliko ilivyo. Daktari anapunguza warfarini, na siku chache baadaye bonge. Kiangalie kichupa chako kikijazwa. Hakuna fundi maabara mzuri atakayekasirika. Pili, karatasi ya majibu iwe na INR yenyewe. Maabara ikikupa sekunde tu, majibu hayo hayalinganishiki na ya kwingine, kwani kila dawa ya kupimia ina nguvu yake. Tatu, ukipiga simu hospitali ya rufaa ya Arua, Mbale au Moroto, usiulize kama wanapima INR. Uliza walipima lini mara ya mwisho. Mashine kuwepo ni jambo moja, vitendanishi, yaani dawa za kupimia, kuwepo ni jambo jingine.

Kuna mashine ndogo ya mkononi ya tone la kidole, CoaguChek ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa mtu wa mbali ni mkombozi, ikiwa atamudu vijiti vyake. Vijiti hivyo vinataka joto la kati ya nyuzi 2 na 30. Kuviacha kwenye bati la nyumba ya Moroto mwezi wa pili ni kuviua. Na mashine ikionyesha namba iliyozidi karibu 4.5, thibitisha kwa damu ya mshipani kabla ya kubadili mengi.

Kabla ya kusaini karatasi za hospitali, piga hesabu hii. Mwezi wa kwanza baada ya kutoka hospitalini ni kipimo kila wiki au zaidi, kisha kila wiki mbili, kisha kila wiki nne. Mwaka wa kwanza unaweza kufika vipimo 16 hadi 20, na miaka inayofuata karibu 13. Zidisha kwa bei ya kipimo unapoishi, jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, jumlisha vidonge vya mwaka, jumlisha siku za kazi zilizopotea. Uganda bado haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi, kwa hiyo pesa hizo zitatoka mfukoni. Mtu wa Kampala anaweza kulibeba hilo. Mtu wa Kaabong anayepaswa kusafiri siku nzima kwa kila kipimo atalibeba mwaka mmoja, halafu ataanza kuruka, na vali ya chuma haisamehe kuruka.

Halafu kuna dawa nyingine. Flagyl, Septrin, flukonazoli, eritromisini na siprofloksasini hupandisha INR, na hizo ndizo zinazouzwa kila kona ya barabara. Ukipewa mojawapo, pima ndani ya siku 3 hadi 5. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume kwa nguvu kubwa: dozi ya warfarini inaweza kuhitaji kuongezwa mara mbili hadi tano, na matibabu ya kifua kikuu yakiisha, ile dozi kubwa isipopunguzwa huwa sumu. Dawa za zamani za VVU kama nevirapini na efavirenzi nazo huyumbisha. Dawa za degedege, karbamazepini na fenobabitali, hushusha. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kiasi. Ukiitumia kwa dozi kamili siku nyingi mfululizo, hata hiyo hupandisha. Ibuprofeni usiiguse, na sindano ya diklofenaki, ile ambayo kliniki nyingi huchoma kabla hata hujamaliza kueleza maumivu, ikatae kwa sauti. Malaria nayo inahusika: homa, kutokula, kutapika na dawa zenyewe, hasa kwinini, vyote husogeza namba. Mitishamba hatuwezi kuikadiria, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa.

Kuhusu mboga, ushauri wa "acha majani yote" ni mbaya. Dodo, nakati, sukuma wiki na majani ya maboga yana vitamini K inayopingana na warfarini, lakini tatizo ni kubadilika ghafla. Anayekula dodo kila siku aendelee. Dozi yake itapangwa juu ya dodo hiyo. Anayeumia ni yule anayekula nyama wiki tatu za sherehe kisha anarudi kijijini kwenye mboga tupu. Matoke hayana shida. Waragi, ile pombe kali, ina shida kubwa.

Boda boda pia. Jeraha la kichwa kwa mtu mwenye INR 3 linaweza kuua hata kama nje hakuna tone la damu. Vaa helmeti, na ukigonga kichwa nenda hospitali hata kama unajisikia vizuri.

Vali ya tishu

Hii hutengenezwa kwa vali ya nguruwe, au kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe ukakatwa na kushonwa kuwa midomo mitatu. Tishu hulowekwa kwenye glutaraldehaidi ili mwili usiikatae, kisha hushonwa kwenye fremu. Hancock II, Mosaic na Epic ni za nguruwe. Perimount na Magna Ease ni za ng'ombe, na Inspiris Resilia ni ya ng'ombe iliyotiwa dawa ya kuzuia chokaa. Hiyo ya mwisho ina matokeo mazuri kufikia sasa, ila umri wake sokoni haujatosha kuapa kwamba itamfikisha kijana miaka 20, na bei yake iko juu.

Kwa Mwislamu swali la nguruwe lina uzito. Wanazuoni wengi wanairuhusu kwa hoja ya dharura. Lakini ya ng'ombe ipo na ubora wake haupungui, kwa hiyo sema mapema, wiki kadhaa kabla, ili iliyoagizwa iwe hiyo. Ukisema asubuhi ya upasuaji, utawekewa iliyoko kabatini. Wasiotumia ng'ombe kwa imani yao nao waseme.

Faida ya tishu ni uhuru. Kwa kawaida ni warfarini miezi 3, au hadi 6, lengo likiwa INR 2.5, kisha aspirini ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku. Baada ya hapo hakuna kichupa cha buluu wala hofu ya sindano ya diklofenaki. Haina mlio.

Uhuru huo una kasoro moja ambayo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Mtu ambaye moyo wake umeshavurugika mapigo, jambo la kawaida kwa mitrali ya rumatiki iliyokaa muda mrefu, atahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda hata akiwekewa tishu. Kwake faida kubwa ya tishu imepungua nusu. Inabaki kwamba anaweza kupewa kidonge kisichohitaji INR: jaribio la RIVER lililofanyika Brazil na kuchapishwa 2020 lilionyesha rivaroksabani haikuwa duni kuliko warfarini kwa wenye mitrali ya tishu na mapigo ya namna hiyo. Kwa hiyo uliza: eko na ECG yangu (kipimo cha umeme wa moyo) zinaonyesha mapigo gani?

Kisha kuchakaa. Chokaa hujijenga kwenye midomo, midomo inakakamaa au kupasuka. Kadiri mtu alivyo kijana ndivyo inavyokwenda haraka, kwani mwili wake una kalisi inayozunguka kwa kasi na kinga kali. Kwa mtu wa miaka 70 vali ya aota ya tishu inaweza kudumu miaka 15 hadi 20. Kwa walio chini ya 40 nyingi huanza kuharibika ndani ya miaka 10 hadi 15, na kwa watoto na vijana wa shule mapema zaidi. Mitrali huchakaa kuliko aota, maana hufungwa kwa shinikizo kubwa la chumba cha chini. Ndiyo maana hatupendi tishu kwa mvulana wa miaka 15 ambaye wazazi wake wako Kampala na wanaweza kumpeleka kupimwa. Atapasuliwa mara mbili au tatu kabla ya kufika 50.

Jambo la kuipa tishu heshima yake: inapoharibika, kwa kawaida hutoa taarifa. Pumzi inapungua kwa miezi, eko inaonyesha kasi ya damu ikipanda. Kuna muda wa kuchangisha na kupanga. Ya chuma ikiziba, una saa chache tu. Lakini taarifa hiyo huipata anayefanya eko kila mwaka, na wengi wakishajisikia wazima hawarudi tena. Upasuaji wa pili nao ni mgumu kuliko wa kwanza. Moyo umeshikana na mfupa wa kifua kwa makovu, damu inayohitajika ni nyingi, na hatari ya kufa inapanda, hasa ukifanyika mgonjwa akiwa amekwisha kuzidiwa. Kuhusu habari za vali mpya kuingizwa kwa mrija ndani ya ile iliyochakaa: ipo, inafanya kazi, inahitaji vali ya kwanza iwe pana, na bei yake inazidi uwezo wa familia nyingi. Usiifanye kuwa mpango wako.

Mimba

Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na jedwali la umri. Warfarini huvuka kondo la nyuma. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu mifupa na pua ya mtoto. Baadaye inaweza kumtoa damu ubongoni. Hatari ni ndogo zaidi kama dozi ni miligramu 5 au pungufu kwa siku, lakini haiishi. Kubadili kwenda heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, kunamlinda mtoto na kuiacha vali ikitegemea sindano mbili kwa siku ambazo dozi yake inatakiwa kufuatwa kwa kipimo maalumu cha damu, kisichopatikana kila mahali. Kuanzia wiki ya 36 mama huhamishwa kwenye heparini ili ajifungue salama. Uchungu ukimkuta bado yuko kwenye warfarini, kwa kawaida ni upasuaji, kwa sababu mtoto anaweza kutoka damu ubongoni akipita njia ya kawaida. Rejista ya kimataifa ya ROPAC, iliyochapishwa 2015, ilikuta kwamba kati ya wenye vali za chuma asilimia 58 tu walipata mtoto hai bila tatizo kubwa. Kwa wenye tishu ilikuwa asilimia 79.

Kwa hiyo msichana wa miaka 22 anayetaka watoto wawili tunamwelekeza kwenye tishu: azae mapema, wakati vali bado mpya, na upasuaji wa pili, pengine kwa vali ya chuma, uje baada ya uzazi. Ni mpango wenye gharama, ila gharama zake zinajulikana. Mwenye chuma tayari asikimbilie kukata tamaa wala asiache warfarini mwenyewe anapokosa hedhi. Aende kliniki wiki ile ile. Asiyetaka mimba kwa sasa aepuke vidonge vya uzazi vyenye estrojeni. Kipandikizi cha mkono au kitanzi chenye homoni vinafaa zaidi, na kitanzi hicho hupunguza hedhi ambayo warfarini huizidisha. Kunyonyesha ukiwa kwenye warfarini hakuna tatizo.

Mume, mama mkwe na shangazi wana maoni yao kuhusu watoto. Tunapendekeza mgonjwa aulizwe akiwa peke yake na daktari kabla familia haijaingia chumbani.

Ya kubeba na ya kuuliza

Vali yoyote utakayowekewa, sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki 4, ile ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, haikomi, kwa sababu vali zako nyingine bado ziko hatarini. Kwa mtu mzima ni uniti milioni 1.2, na kwa wengi huendelea hadi miaka 40 au maisha yote. Mwenye warfarini anachomwa kama kawaida INR ikiwa ndani ya lengo, kisha anabonyeza mahali hapo kwa dakika kadhaa.

Meno yatibiwe kabla ya upasuaji. Baada ya hapo, ukienda kung'olewa jino, meza amoksilini gramu 2 dakika 30 hadi 60 kabla. Mwenye mzio wa penisilini hupewa azithromisini miligramu 500. Kwa jino moja warfarini haisimamishwi kama INR iko chini ya 4. Daktari wa meno ashone na akupe pamba ya kung'ata. Homa isiyoeleweka ya zaidi ya siku tatu kwa mwenye vali bandia ni damu ya kuoteshwa maabara kwanza, kisha antibayotiki. Ukianza na vidonge vya dukani, vijidudu hujificha na vali inaendelea kuliwa.

Siku ya mazungumzo na daktari wa upasuaji, mwulize ni vali zipi ziko hospitalini kweli, za ukubwa gani, na muda wake wa kutumika unaisha lini, hasa kama zimekuja kwa msaada. Vali za tishu husafirishwa na kionyeshi cha joto, na ikigandishwa njiani haitumiki. Mwulize pia atafanya nini akifungua na kukuta ukubwa uliopangwa hauingii.

Ukitoka, usiondoke bila kadi ya vali: kampuni, modeli, ukubwa, namba ya mfululizo, mahali ilipo, tarehe, lengo la INR. Ipige picha, mtumie ndugu wawili kwa WhatsApp, na nakala ya karatasi ikae pamoja na kitambulisho chako cha taifa. Mtu wa mashine ya MRI ataitaka, daktari wa usiku huko Mbarara ataitaka, na mgonjwa aliyepata kiharusi hawezi kuieleza kwa mdomo.